Changu Mzima kwa Bibi Verna wa Croydon

Ndugu zangu wa kijiwe cha kahawa, nyuma ya soko la machungwa Muheza,

Tangu nirudi sijanywa kikombe kimoja kwa amani. Kila nikikaa, mmoja wenu anauliza, "Hilari, ni kweli ulivalishwa aproni?" Mwingine ameshasambaza kwamba niliwekwa rumande Uingereza kwa kosa la samaki. Wa tatu, ambaye simtaji ila anajijua kwa kupenda kashata za wenzake, anasema nilimposa bibi badala ya mjukuu. Basi nimeamua kuyaandika yote, mkishasoma mniache. Habari za viza na tiketi nimeziruka. Zilinitoa jasho mimi, hakuna haja ziwatoe na ninyi.

Muheza hadi Heathrow

Kilichonipeleka mnakijua. Gabrieli, mtoto wa marehemu dada yangu, anapiga picha za eksirei katika hospitali moja London, na huko huko amempata binti anayeitwa Simone. Binti ni muuguzi, kazaliwa huko, lakini asili yao ni Grenada, kisiwa cha Karibiani. Kalelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Verna, ambaye kwake ndiye baba, ndiye mama, ndiye baraza zima la wazee. Posa ilikuwa lazima iende kwake. Ukoo wetu ukakutana kumtafuta mshenga, na kwa kuwa mimi ni dalali wa machungwa, na nimewahi kuwauzia watu wa Nairobi shamba zima likiwa bado maua, hapakuwa na mjadala.

Wakanipa maagizo. Nisicheke ovyo. Nisikubali chai ya kwanza. Na la muhimu kupita yote, nimuulize bibi ukoo wao ni upi. Hilo lilisisitizwa na kaka yangu Anselmi, mtu ambaye hajawahi kuvuka Korogwe. "Hatuwezi," alisema huku amefumba macho, "kuoa kwa watu ambao hawajui walikotoka."

Kabla sijaondoka nilizungumza na Bibi Verna kwa simu. Kiingereza chake kinapanda na kushuka kama mtu anayembembeleza mtoto, na mimi cha kwangu mnakijua, ni cha shule ya misheni. Nikataka kumwonyesha kwamba sisi tuna desturi zetu, hatuji kuposa mikono mitupu. Nikamwambia, "Mama, kwetu tunasema mkono mtupu haulambwi," nikaitafsiri neno kwa neno. Halafu akacheka kwa furaha kubwa. "Vizuri sana! Nitawaambia watu wote!" Nikakata simu nikiwa nimevimba kichwa, nikamwambia Anselmi kwamba methali imeingia.

Safari yenyewe ilianza kwa kukwama. Ndege ya pili, ile ya kuunganisha kutoka uwanja wa jangwani, ilichelewa kwa sababu ya ukungu. Tukalazwa kwenye viti vya chuma pamoja na mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akirudi Birmingham na sufuria kubwa mapajani, hataki hata kuiweka sakafuni. Alinimegea mkate wa muhogo kutoka humo ndani, na mimi kwa shukrani nikamfanyia mazoezi ya hotuba yangu ya posa, yote, pamoja na mahali pa kunyamaza. Alisikiliza bila kupepesa macho.

"Iko muzuri sana, papa," akasema. "Lakini batu batakula nini?"

Nikamwona hana elimu ya mambo ya posa.

Uwanjani Heathrow, ofisa wa kukagua pasi aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamjibu kweli tupu, kwamba nimekuja kuomba mke.

"Wa kwako?"

"Wa mpwa wangu."

Akanitazama vizuri. "Yeye hawezi kuomba mwenyewe?"

"Anaweza. Lakini akiomba mwenyewe ni utovu wa adabu."

"Mimi niliomba mwenyewe," akasema yule ofisa.

"Na mambo yanaendaje?"

Akagonga muhuri wake, akaita mtu mwingine.

Rayners Lane

Gabrieli alinipokea kwa kunikumbatia muda mrefu kuliko kawaida, nikajua kuna jambo. Ndani ya treni aliniuliza habari za kila mtu Muheza, hadi za mbwa. Tulipofika kwake Rayners Lane, vyumba viwili juu ya duka la simu, akanikalisha, akaniletea chai, ndipo akasema.

"Mjomba, ulimwambia nini Granny kwenye simu?"

"Nilimpa methali."

"Amealika watu wa kanisani kwake. Anasema mjomba kutoka Afrika ameahidi kuja kuwapikia kwa mkono wake mwenyewe mpaka wajilambe vidole."

Chai ikanipalia. "Kupika nini?"

"Changu mwekundu, mzima, kwa mapishi ya Grenada. Kesho."

"Mpigie umweleze ilikuwa methali."

"Nimeshamweleza. Amesema methali ni nzuri, na samaki asikatwe kichwa."

Jamani, mimi ni mtu wa Muheza. Samaki namfahamu akiwa ameshaiva. Nyumbani kwangu jikoni naingia kuuliza kama chakula kiko tayari, na hata hapo nasimamia mlangoni. Nikamwambia Gabrieli tujaribu angalau kukaanga kitu, nizoeane na moto. Nikabandika kikaango, nikamimina mafuta, nikasubiri. Sijui nilisubiri nini. Ghafla moshi ukapanda, na kitu cha duara kilichobandikwa darini kikaanza kupiga kelele kama ng'ombe aliyekanyagwa, nikadhani jengo linaanguka, nikakimbilia ngazini nikiwa na mwiko mkononi.

Jirani, mzee wa Kisingasinga mwenye kilemba cha bluu, akatoka kwake na gazeti. Akaingia bila kuuliza, akapanda kwenye kiti, akapepea kile kidude hadi kikanyamaza. Alipokuwa akishuka akachungulia kikaango.

"Mnapika nini?"

"Mafuta," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma, akatuachia lile gazeti.

Asubuhi yake Gabrieli alinipeleka kwenye duka la viungo karibu na stesheni. Mwenye duka, Bwana Kanti, mzee mwembamba mwenye miwani shingoni, aliposikia nikimkaripia mpwa wangu kwa Kiswahili aliacha wateja wake wote. "Bwana wee! Huyo si mtu wa Tanga huyo?" Kumbe amezaliwa Ngamiani, wameondoka yeye akiwa kijana. Kiswahili chake, ndugu zangu, kilimfanya Gabrieli aonekane ndiye mgeni. Nikamwambia shida yangu.

"Mimi samaki hajawahi kupita kinywani mwangu," akasema. "Sisi kwetu ni mboga tu. Lakini kina mama wa visiwa hivyo wamenunua kwangu miaka mingi. Wanachokichukua nakijua, wanachokifanya nacho sikijui."

Akaanza kujaza kikapu: tangawizi, vitunguu saumu, majani ya vitunguu, vijitawi vya majani madogo yenye harufu kali ambayo wao huyaita thaimu, pilipili mbuzi, bamia, nazi. Nikawa nasema ndiyo kwa kila kitu kama bwana harusi. Alipofika kwenye ndimu ndipo nikaamka. Alitia ngumu, zenye ngozi nene. Nikazitoa moja moja, nikaminya, nikanusa, nikamrudishia, nikachagua zangu kutoka chini kabisa ya sanduku. Wateja wakasimama kunitazama. Kwa dakika chache nilijisikia mtu tena.

"Huyu anajua," Bwana Kanti akamwambia Gabrieli.

"Anajua ndimu," akajibu Gabrieli.

Wembley

Samaki alikuwa Wembley, na siku hiyo Wembley palikuwa na mechi. Tulishuka kwenye treni tukabebwa na watu kama takataka kwenye mfereji, wote wamevaa rangi moja, wanaimba, mimi nimevaa suti yangu ya kaki ya posa. Mmoja alinivisha skafu yake shingoni akanibusu shavuni. Nilimshukuru. Sijui nilikuwa nashangilia timu gani, lakini nasikia tulifungwa.

Katika duka la samaki palikuwa na changu kweli, wekundu wa kupendeza, wamelala juu ya barafu na macho yamekodoka kana kwamba nao wameshtushwa na bei. Gabrieli akachagua wawili wakubwa. Muuza samaki akauliza kitu upesi upesi. Gabrieli akajibu, "Ndiyo, tafadhali." Akauliza tena. "Ndiyo, tafadhali." Huo ndio ugonjwa alioupata mpwa wangu Uingereza, hawezi kumwambia mtu hapana. Baada ya muda akakabidhiwa mfuko, nikaufungua. Ndani mlikuwa na minofu mieupe, imenyooka kama shuka za hoteli. Hakuna kichwa, hakuna mkia, hakuna mfupa.

"Gabrieli," nikasema, "kichwa kiko wapi?"

Tukarudi mbio. Kwenye barafu walikuwa wamebaki changu wawili tu wakubwa, na mama mmoja wa Kighana, mwenye kitambaa kikubwa kichwani, alikuwa ameshawanyooshea kidole. Hapo udalali wangu ukaamka. Nikavua kofia. Nikamweleza kwamba nimetoka Tanga, Afrika Mashariki, kwa ajili ya posa, na kwamba bila vichwa vile viwili kijana huyu hatapata mke.

Yule mama akasema, "Nionyeshe huyo binti."

Gabrieli akatoa simu, akamwonyesha picha ya Simone. Mama akaitazama. Akamtazama Gabrieli toka kwenye viatu hadi kwenye nywele. Akairudia picha.

"Huyu amemkubali huyu?"

"Amemkubali," nikasema.

"Chukueni samaki," akasema. "Na haraka, kabla hajafikiri tena."

Chini ya ardhi

Kutoka Wembley hadi Croydon ni kuvuka London nzima kutoka kaskazini hadi kusini. Tulibanwa kwenye behewa, mimi nimeukumbatia mfuko wa samaki, Gabrieli kikapu. Baada ya stesheni moja mbili nikaona watu wanasogea kunipisha. Mwanamke mmoja akaniachia kiti, akaenda kusimama mbali kabisa. Kijana mmoja naye akahamia behewa jingine. Nikaketi kwa raha.

"Watu hawa wanaheshimu wazee," nikamwambia Gabrieli.

"Mjomba, ni samaki."

Halafu treni ikasimama kwenye giza, kati ya stesheni na stesheni. Sauti ikatuomba radhi kwa upole na huzuni kiasi kwamba nikajua kuna mtu amefariki. Nikavua kofia. Gabrieli akaniambia ni taa tu ya njia imeharibika. Tulikaa pale mpaka barafu ikayeyuka, na maji mekundu kidogo yakaanza kudondoka kutoka kwenye mfuko wangu, yakatambaa sakafuni kuelekea kwenye viatu vya bwana mmoja aliyekuwa akisoma kitabu. Aliyaona. Nilimwona akiyaona. Akainua mguu mmoja, yakapita, akaushusha, akafunua ukurasa. Kwetu pangekuwa pameshaitishwa kikao. Nilipotaka kumwomba samahani, yeye ndiye aliyeniambia samahani.

Hapo ndipo Gabrieli, bila kunitazama, aliniuliza, "Mjomba, kama Granny akisema hapana?"

"Kwa nini aseme hapana? Una kazi, huna ulevi."

Akafungua mdomo, akaufunga. Treni ikaondoka.

Croydon

Croydon ni maghorofa ya ofisi, na katikati ya barabara hupita tramu, kitreni kisicho na haraka. Tulipanda ya kwanza iliyokuja. Ilikuwa inakwenda upande mwingine. Tukashuka, tukarudi, na tulipogonga mlango wa Bibi Verna watu wa kanisani walikuwa wameshaketi sebuleni, wamevaa vizuri, kila mmoja na sahani yake tupu magotini. Walinitazama kama mnavyomtazama dereva wa basi lililochelewa.

Bibi Verna ni mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mvi zake zimesukwa mistari minne. Nikainama, nikaanza: "Mama, sisi tumekuja kwa heshima, na kwa niaba ya ukoo wetu wote wa Muheza—"

"Samaki yuko wapi?"

Nikampa mfuko. Akauchungulia, akaona vichwa, akaguna kwa kuridhika. Halafu akanivalisha aproni yenye maua. Ndiyo, ni kweli, jibu mmelipata. Akanielekeza jikoni, yeye akakaa kwenye kiti karibu na jiko akaweka mikono mapajani. Simone, binti mrefu mwenye macho ya utulivu, alikuwa akikata shelisheli. Shelisheli kama letu! Nikataka kumsalimu kwa hotuba, naye akanipa kisu.

"Pole, Mjomba," alininong'oneza kwa Kiswahili alichofundishwa na Gabrieli. Hilo neno lilinitia nguvu kuliko chai.

Samaki walikuwa wameshatolewa magamba dukani. Nikaambiwa niwakamulie ndimu ndani na nje, niwasugue na chumvi. Hapo nilikwenda vizuri, na Bibi Verna akaonja tone la ndimu kwenye kidole akasema nimechagua vyema. Sifa ikanilevya. Nikakumbuka kwamba mimi ni mshenga na nina maagizo. Nikasimama wima na kisu changu.

"Mama, kabla hatujaendelea, wazee wangu wameniagiza nikuulize. Ukoo wenu ni upi?"

Simone akaacha kukata. Gabrieli, mlangoni, akafumba macho.

Bibi Verna hakukasirika. 

"Bwana Hilari," akasema, "watu wangu walitiwa melini huko Afrika, upande wa machweo, na hakuna aliyewauliza majina. Bibi yangu hakujua. Bibi yake naye hakujua. Nimezeeka nikijiuliza swali hilo hilo. Uliposema unakuja, nilidhani huenda wewe ndiye utakayeniambia."

Nilisimama na aproni yangu ya maua, maji ya ndimu yananiwasha kwenye kijeraha cha kidole, na kama Anselmi angekuwa karibu ningemtia kwenye sufuria yeye kwanza.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

"Mchanje samaki," akasema. "Mara tatu kila ubavu. Usifike kwenye mfupa."

Nikachanja. Tukasaga majani ya vitunguu, saumu, tangawizi na thaimu, nikayashindilia kwenye zile chale na tumboni, na yeye akanisahihisha kila nilipojaza kidogo. "Mfichie kila mahali. Samaki asiyefichiwa kitu hana siri, hana ladha." Halafu akatoa kungumanga kwenye kopo, akaninusisha, akasema Grenada ndicho kisiwa cha viungo duniani. Hapo sikuvumilia. Nikamwambia visiwa vya viungo ni Unguja na Pemba, kila mtu anajua. Akasema yeye hajui. Nikasema karafuu. Akasema kungumanga. Nikasema karafuu tena, kwa sauti. Simone akasema samaki anasubiri.

Nikawakaanga kidogo kila upande, ngozi ikashika rangi, halafu tukamimina tui la nazi, bamia, vitunguu. Juu kabisa Bibi Verna akaweka pilipili mbuzi moja, nzima, na kikonyo chake.

"Hii inaogelea tu," akasema. "Inatoa harufu. Isipasuke. Ikipasuka, hakuna mtu atakayekula."

Nikaishika ile pilipili kwa macho yangu. Tui likaanza kuchemka taratibu. Harufu ilikuwa ya kwetu na si ya kwetu, mtu angeweza kulia bila kujua sababu. Ndipo Bibi Verna akasema, kwa sauti ile ile ya kupikia:

"Na akiumwa huko Tanga, nani atampikia?"

"Tanga?" nikasema. "Nani anakwenda Tanga?"

Bibi Verna akamtazama Gabrieli. Mimi nikamgeukia Gabrieli, na mwiko ukageuka pamoja nami.

"Mjomba, tumepata kazi hospitalini huko Tanga, wote wawili," Gabrieli akasema haraka. "Nilitaka kukuambia kwenye treni. Tunahamia baada ya harusi."

Kumbe bibi wa watu hakuwa na neno na kijana. Alikuwa anaposewa mjukuu wake pekee, aliyemlea tangu mama yake afariki, apelekwe mbali kuliko hata alikotoka yeye. Na sisi tulikuwa tumemletea dalali.

"Nilitaka nione wanaume wa nyumba hiyo wanaweza kusimama jikoni," Bibi Verna akaniambia. "Simone anafanya kazi usiku. Anachoka. Nauliza tena. Akiumwa, nani atampikia? Wewe?"

Hotuba yangu ilikuwa na sehemu nzuri kabisa kuhusu binti kuwa taa ya nyumba. Niliiacha ipite.

"Mama, mimi sijui kupika," nikasema. "Nyumbani sijawahi kuchemsha hata yai. Mke wangu akisikia nilisimama hapa atadhani nilikuwa na homa. Siwezi kukuahidi kitu ambacho sijawahi kukifanya. Lakini leo nimefanya."

Mimi nikarudisha macho kwenye sufuria, na pilipili ilikuwa imepasuka. Nilipogeuka na ule mwiko niliigonga, mbegu zote zimetawanyika kwenye tui kama mchele.

Nikataka kuzichota kimyakimya. Bibi Verna akanishika mkono.

"Usifiche. Nenda uwaambie."

Nikaenda sebuleni. Watu wakanigeukia, sahani magotini, wakajua sasa mjomba kutoka Afrika ataongea. Hotuba niliyoifanyia mazoezi tangu Muheza, juu ya mawingu, mbele ya mama wa Kikongo, ikawa maneno mawili.

"Pilipili imepasuka," nikasema.

Shemasi mmoja mzee akaangua kicheko hadi akashika kiti. Wengine wakafuata. Wakala, ndugu zangu! Walikula wakitokwa machozi na jasho, wanapuliza midomo, wanalimega lile shelisheli kuzima moto, wanarudia. Shemasi alivua koti, kisha tai, mkewe akamzuia hapo. Kila aliyenipita alinipiga begani akinipa pole au hongera, sikuweza kutofautisha.

Ikaja habari ya vichwa. Bibi Verna aliniwekea kichwa kimoja sahanini, kwa kuwa mimi ni mgeni. Nikamrudishia, kwa kuwa yeye ni mkubwa. Akanirudishia. Kikasafiri baina yetu mpaka kikaanza kupoa, hadi Simone akakichukua akakigawa mara mbili kwa mikono yake, bila kutuomba ruhusa. Bibi Verna alikula nusu yake polepole, shavu, jicho, kila kitu, akaacha mifupa misafi. Akajifuta midomo.

"Chumvi imepungua," akasema.

Sikujua kama hiyo ni posa imekubaliwa au imekataliwa. Nilimtazama Gabrieli, naye alikuwa anaitazama meza.

Mlangoni

Watu walipoondoka nilivua aproni, nikaosha sufuria. Naam, na hilo pia ni kweli. Gabrieli na Simone walitangulia kwenda kituoni kuangalia tramu. Mimi nikabaki mlangoni kuaga, na nilikuwa nimejiandaa kuomba jibu rasmi, maana mshenga harudi bila jibu.

Bibi Verna alinishika mkono wa shati.

"Simone ana kifua," akasema. "Tangu mtoto. Ukungu ukiwa mwingi, anakohoa."

"Tanga hakuna ukungu mwingi, Mama."

"Hali yai asubuhi. Atakuambia anakula, kwa adabu, lakini hali. Akirudi kazini usimsemeshe, mwache kwanza alale. Anapenda mtu amsuke, hata akiwa mtu mzima hivyo. Mkeo anajua kusuka?"

"Anajua."

"Mistari minne. Asimvute sana hapa," akanionyesha karibu na sikio, na kidole chake kikabaki pale pale, kwenye sikio lake mwenyewe.

Tramu ikasikika ikija mwisho wa barabara. Gabrieli akaniita. Bibi Verna hakuniachia mkono.

"Na akiumwa hasemi," akasema. "Hilo ulishike. Hulia akiwa mzima, akiumwa hunyamaza. Inabidi mtu amtazame mwenyewe ndipo ajue."

"Tutamtazama, Mama," nikasema.

Akaniangalia kidogo, kama mtu anayeminya tunda kabla ya kulitia kikapuni. Kisha akaniachia, akafunga mlango, na lile jibu rasmi sikuliomba tena. Tramu ikaondoka bila sisi. Simone alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, na aliponiona tu akasimama.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Amesema huli yai asubuhi," nikamwambia.

Akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti pale pale barabarani, mbele ya watu, mpaka tramu nyingine ikaja.